Usiulize Mshahara Tu, Uliza Nani Atasaini

SAFU YA KAZI NA PENZI

  

Mwezi huu naomba tukae na kundi moja: vijana wahandisi. Nawasemea wale waliomaliza Mlimani, DIT, Chuo cha Ufundi Arusha au MUST kule Mbeya, wenye cheti kipya mkononi na kofia ngumu kichwani. Nawasemea pia wanaowapenda, kwa sababu kazi ya huyu jamaa inaweza kuingia chumbani kwako hata kama wewe unafanya kazi benki na hujawahi kukanyaga saiti.

Miaka yangu mingi ya kazi nimeipitisha upande wa pili wa meza, kwenye idara ya rasilimali watu ya kampuni ya kihandisi. Barua za maombi ya kazi nimezisoma mpaka macho yakauma. Nimekaa kwenye usaili, nimeandika mikataba, na nimepokea barua za kuacha kazi. Swali la kwanza la vijana wengi huwa moja tu: "Mnalipa shilingi ngapi?" Si swali baya, maana hakuna anayekula hewa. Tatizo ni kwamba wengi wanaishia hapo, na swali la pili hawaliulizi. Swali la pili ni hili: "Nani atasimamia kazi yangu na kuisaini?"

Usicheke, ndugu yangu. Hiyo saini ina pesa nyingi ndani yake kuliko unavyodhani.

CHETI CHA CHUO NI MLANGO, SIYO NYUMBA

Kwetu Tanzania kuna Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, na chombo kinachoisimamia ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ile ambayo wengi tunaiita ERB. Ukimaliza shahada yako unasajiliwa kama mhandisi mhitimu. Hapo unaruhusiwa kufanya kazi ya uhandisi, lakini chini ya mhandisi mwingine aliyesajiliwa ngazi ya juu yako. Ngazi inayofuata ni mhandisi mtaalamu, na juu yake kuna mhandisi mshauri.

Kati ya mhitimu na mtaalamu kuna mto, na daraja lake ni uzoefu wa miaka 3 unaosimamiwa. Mwaka 2003 ERB ilianzisha mpango maalumu wa kuwavusha vijana, unaojulikana kwa kifupi chake SEAP. Ni mafunzo kazini ya miaka 3. Unawekwa chini ya mhandisi mlezi, unafanya kazi halisi, unaandika ripoti ya ulichofanya, na mlezi anaisoma na kuisaini. Mwisho wa yote unakaa mbele ya wahandisi wenzako kwenye usaili wa kitaaluma. Ukipita, unasajiliwa, unakula kiapo na unagonga muhuri wako mwenyewe.

Sasa tazama kinachotokea mtaani. Kijana anaajiriwa na kampuni ndogo ya ukandarasi. Bosi ni mfanyabiashara mzuri, ana magari na ana tenda, lakini ndani ya ofisi hakuna mhandisi mtaalamu hata mmoja wa kumlea. Kijana anapiga kazi miaka 4. Anasimamia mafundi, anapokea saruji na nondo, anafukuzana na wasambazaji wa kokoto. Anajua mengi, sikatai. Ila siku anapotaka kusajiliwa anaulizwa: ripoti zako ziko wapi, na nani alizisaini? Anatafuta na hakuna. Miaka 4 imepita na kwenye makaratasi bado ni mhitimu, sawasawa na mdogo wake aliyemaliza chuo jana.

Na huyo kijana ana mchumba anayesubiri. Mchumba alishaambiwa, "Vumilia kidogo, nikisajiliwa mambo yatanyooka." Uvumilivu nao una mwisho.

OFA MBILI MEZANI

Tuchukue mfano. Tuseme kijana kapata ofa mbili wiki moja. Kampuni ya kwanza inampa mshahara wa shilingi 1,500,000, lakini hakuna mhandisi wa kumlea. Ya pili inampa 1,200,000, ina wahandisi wataalamu watatu na wanapokea vijana wa SEAP. Mchumba anasema, "Mpenzi, laki 3 kila mwezi ni kodi ya nyumba hiyo!" Mama naye kijijini keshasikia, na jibu lake unalijua.

Lakini hizo laki 3 zipo kweli? Hebu tupige hesabu pamoja, chukua kalamu.

Kwenye ofa ya 1,200,000, NSSF wanakata asilimia 10, yaani 120,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, inahesabiwa kwenye 1,080,000 inayobaki, na inatoka 152,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, kuna asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 180,000. Jumla ya makato ni 452,000. Unachopeleka nyumbani ni 748,000.

Kwenye ofa ya 1,500,000, NSSF ni 150,000, kodi ni 233,000 na Bodi ya Mikopo ni 225,000. Makato ni 608,000. Unachopeleka nyumbani ni 892,000.

Umeona? Zile laki 3 zimekuwa 144,000. Kwa miaka 3 mizima ni kama shilingi 5,184,000. Ni pesa, siwezi kusema siyo pesa. Lakini ndiyo bei halisi ya kubaki mhitimu wakati wenzako wanavuka. Kampuni inayoomba tenda huhitaji wataalamu waliosajiliwa ili ipite kwenye masharti, kwa hiyo mhandisi mwenye muhuri wake anatafutwa. Asiye nao ndiye anayetafuta.

Sasa sitaki uchukue maneno yangu kama amri. Wapo vijana wanaosomesha wadogo zao wanne, au wana mzazi anayehitaji dawa kila mwezi. Kwa huyo, 144,000 siyo ya kuchezea. Kama ndivyo hali yako ilivyo, chukua ofa kubwa bila aibu, ila kabla ya kusaini nenda kwanza ERB ukaulize utasimamiwaje ukiwa huko. Uliza na kampuni pia, na uandikiwe. Ukisubiri mwaka upite ndipo uulize, huo mwaka haurudi.

NINAVYOKUONA NIKIWA UPANDE WA PILI WA MEZA

Watu wanadhani ofisa rasilimali watu ni yule dada wa kuhesabu likizo na kuandika barua za onyo. Kwenye kampuni ya kihandisi yenye akili, kazi yake kubwa ni kuhakikisha kijana aliyeingia leo anakuwa mtu anayejitegemea baada ya miaka 3. Kampuni isipofanya hivyo inalea vijana, wakianza kuiva wanachukuliwa na jirani.

Kuna aina tatu za vijana ninaowaona kila mwaka.

Wa kwanza ni wa kompyuta. Anachora AutoCAD mpaka unashangaa, lakini ukimpeleka saiti hajui zege likoje mkononi. Kwenye mchoro wake nondo zimebanana kiasi kwamba zege halipiti katikati. Fomani anacheka pembeni, na yeye hajui anachekwa nini.

Wa pili ni wa saiti. Anapima ulaini wa zege kwa koni, anajaza vile vipande vya majaribio vya kupasuliwa siku ya 7 na siku ya 28, anajua fundi yupi mvivu na yupi mchapa kazi. Ila muulize kwa nini boriti ile ina kina kile, atakwambia, "Ndivyo mchoro unavyosema." Huyu akikaa hivyo miaka 3, kwenye usaili wa kitaaluma atatoka jasho.

Wa tatu ndiye tunayemtaka. Amekaa kwenye usanifu miezi kadhaa, akaenda saiti, akarudi kwenye hesabu za gharama, akagusa manunuzi na usalama kazini. Si kwamba huyu ana akili kuliko wenzake. Kampuni ilimzungusha, au yeye mwenyewe aliomba azungushwe. Siku zote nawaambia vijana: usisubiri kuzungushwa. Mwombe bosi wako mpango wa mwaka, ukurasa mmoja unatosha, unaoonyesha utakuwa wapi na utajifunza nini. Bosi mwelewa atafurahi. Bosi atakayekasirika kwa swali hilo amekujibu tayari.

Jambo jingine, tafadhali wasalimie mafundi. Kijana anatoka chuo na suruali iliyopigwa pasi, anapita mbele ya fundi mwenye umri wa baba yake bila hata shikamoo. Baadaye anashangaa kwa nini kila anachouliza anajibiwa "sijui". Yule mzee amemwaga zege tangu wewe hujazaliwa. Shikamoo moja asubuhi inafungua mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chako.

SOMA MKATABA KABLA YA KUPIGA PICHA NAO

Siku hizi mtu akipata mkataba jambo la kwanza ni kuupiga picha na kuurusha kwenye statasi. Subiri kwanza, usome.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi: kazi yenyewe ni ipi, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, saa za kazi, na mshahara unavyokokotolewa. Kama mkataba unasema tu "mhandisi" na "popote atakapopangiwa", omba ufafanuliwe. "Popote" ni neno fupi lakini linaweza kukutoa Mikocheni mpaka Mpanda.

Angalia kama mkataba ni wa kudumu au wa mradi. Kwa wataalamu, sheria inaruhusu mikataba ya muda maalumu, na kampuni nyingi za ujenzi zinaajiri hivyo. Mradi ukiisha na mkataba umeisha. Hilo siyo baya lenyewe, ila ulijue kabla hujachukua kiwanja kwa mkopo. Miradi inatofautiana. Daraja la Kigongo hadi Busisi kule Mwanza lilianza kujengwa mwaka 2020 na likafunguliwa Juni 2025. Kijana aliyeingia pale mwanzo aliweza kuona nguzo zikizama ziwani na magari yakipita juu yake, vyote ndani ya ajira moja. Mwenzake kwenye jengo la ghorofa 4 anaweza kujikuta mtaani baada ya miezi 14. Mipango ya hawa wawili, pamoja na ya harusi, haiwezi kufanana.

Angalia pia kipindi cha majaribio. Kanuni za mwaka 2007 zinasema kisizidi miezi 12. Na elewa kwamba ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumgusi mtu mwenye chini ya miezi 6 kazini. Kwa hiyo miezi 6 ya kwanza fanya kazi kwa adabu, fika mapema, na tafadhali usinunue gari.

Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki. Ovataimu isizidi saa 50 ndani ya wiki 4, na inalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Najua, najua, saiti haina saa. Usiku wa kumwaga zege huwezi kusema muda wangu umeisha, ninaondoka. Lakini kumwaga zege usiku mmoja ni tofauti na kufanya kazi siku 7 kwa wiki miezi 5 mfululizo bila kulipwa ziada wala kupumzika. Hiyo ya pili usiite kujituma.

SAITI NA MAPENZI

Haya, sasa tuje kwenye ile nusu ya pili ya safu yetu.

Mpenzi wako kapangiwa saiti mbali. Inaweza kuwa barabara kule Katavi, au bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda kwenda Chongoleani, Tanga, ambalo ni kilomita 1,443 na sehemu kubwa yake iko upande wetu. Mtandao unashika ukipanda kichuguu. Wewe uko Sinza, unapiga simu saa 2 usiku haipatikani. Saa 4 haipatikani. Kichwa kinaanza kutengeneza filamu, na kwenye hiyo filamu kuna mhudumu wa mgahawa pale kambini.

Wapo wanaocheza rafu huko saiti, sitakudanganya. Wapo pia wanaocheza rafu hapahapa Sinza, dakika 10 kutoka nyumbani. Umbali haumfanyi mtu kuwa msaliti, ila unafanya mambo madogo yawe makubwa kwa sababu hakuna wa kuyamaliza uso kwa uso. Nimeona ndoa zikitetereka kwa mambo mawili ya kawaida sana: ratiba na pesa.

Ratiba kwanza. Kabla hajaondoka, mwombe ajue kutoka kwa kampuni zamu yake ya kurudi nyumbani. Kampuni makini zina mzunguko unaoeleweka, kwamba utakaa wiki kadhaa na kupumzika siku kadhaa, na kwamba nauli inalipwa na nani. Kama hakuna mzunguko, huyo ni mtu wa kurudi "nikipata nafasi", na nafasi haipatikani. Likizo ya mwaka ni siku 28, haki yake kisheria akishafikisha miezi 6 kazini. Pangeni mapema itumikeje, maana ukiwaachia ndugu, nusu itaisha kwenye misiba na vikao vya harusi za wengine.

Halafu wekeni muda wa simu unaowezekana. Usimwambie "nipigie kila saa" mtu aliyeko juu ya jukwaa la mbao ghorofa ya 6. Simu moja saa 3 usiku, dakika 20, mnaongea mambo ya maana, ni bora kuliko ujumbe 60 wa "upo?", "mbona kimya?", "nani huyo nimesikia anacheka?". Na wewe uliyeko saiti, kama mtandao unasumbua sema mapema. "Kesho tunaingia porini, sitapatikana mpaka Ijumaa" ni sentensi moja tu, na inampa mwenzako usingizi.

Sasa pesa. Hapa ndipo wengi mnaumizana. Kijana anamwambia mchumba wake, "Nalipwa milioni moja na laki mbili." Dada wa watu anapanga maisha ya milioni moja na laki mbili. Kumbe mkononi inafika 748,000 na bado hajatuma nyumbani. Baada ya miezi 3 dada anaanza kuuliza pesa zinakwenda wapi, na jamaa anaona anachunguzwa. Wote wawili hawana kosa. Waliongea namba tofauti. Onyesha hati ya mshahara, mpenzi. Anayetaka kuishi nawe anaweza kuijua NSSF yako.

Posho ya saiti nayo iweke pembeni kwenye mazungumzo. Posho inakuja na mradi na inaondoka na mradi. Wanaopanga nyumba kwa kutegemea posho ndio wanaohama usiku.

Na kuna lile swali gumu: je, nimfuate saiti? Kama mmeoana na una kazi ya kubeba mkononi, kwa mfano ushonaji, uandishi au biashara ya mtandaoni, inawezekana. Kama una ajira yako mjini na nawe unapanda ngazi, usiiache kwa ajili ya mradi utakaoisha baada ya miezi 14. Reli ya kisasa tangu 2024 imefupisha safari ya Dar na Dodoma, kwa hiyo aliyeko kule unaweza kumwona Ijumaa jioni na Jumapili ukarudi. Aliyeko mbali zaidi mhesabieni siku zake. Mwenzio anajenga taaluma na wewe unajenga yako. Mmoja akibomoa ya kwake ili mwingine aendelee, deni hilo litakuja kudaiwa, tena siku ambayo hamjajiandaa.

DADA MHANDISI, NJOO HAPA KIDOGO

Dada zangu, ninyi mna mtihani wa ziada. Unaingia kwenye usaili, umevaa vizuri, umejibu maswali ya udongo na mizigo ya daraja bila kukosea. Mzee mmoja anaweka miwani chini na kuuliza, "Binti, unatarajia kuolewa lini?"

Elewa kwamba sheria ileile ya 2004 inakataza kubagua mtu kazini kwa sababu ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia. Na katazo hilo linamgusa hata anayeomba kazi. Siyo lazima ugombane hapohapo. Jibu kwa utulivu: "Nimejipanga kumaliza miaka yangu 3 na kusajiliwa. Naomba kujua nani atakuwa mlezi wangu hapa." Umerudisha mazungumzo kwenye kazi, na wote mezani wameelewa wanaongea na mtu wa aina gani.

Ukishaajiriwa na ukapata ujauzito, usijifiche ndani ya koti la saiti mpaka miezi 7. Toa taarifa mapema, sheria inataka angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo kwa mtoto mmoja, na siku 100 kwa zaidi ya mmoja. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, mwajiri haruhusiwi kukupa kazi ya kuhatarisha afya yako au ya mtoto. Omba uhamishiwe usanifu au hesabu za gharama kipindi hicho. Tena kitakusaidia kwenye ule mzunguko niliousema, kwa hiyo usikione kama adhabu.

Mwambie na baba mtoto. Ile miaka 3 ya usimamizi inaweza kusogea mbele kidogo kwa sababu ya uzazi. Kusogea siyo kufa. Kinachoua ni pale dada anaporudi kazini, mtoto analia usiku, mume anasema "kwani lazima?", na ripoti zinaanza kulala kwenye droo. Shemeji, kama kweli unampenda, shika mtoto Jumamosi asubuhi saa 3 nzima ili mama aandike ripoti yake. Hilo ni penzi linaloonekana kwa macho.

Na wewe mwajiri unayesoma safu hii saluni, choo cha wanawake saiti siyo anasa. Dada anayekaa siku nzima bila kunywa maji kwa sababu hakuna pa kujisitiri hawezi kukufanyia kazi vizuri, na atakuacha.

KABLA HUJARUKA

Mwisho, tuongee juu ya kuhama. Kijana amekaa mwaka na nusu, amezoeana na mlezi wake, kampuni jirani inakuja na nyongeza ya laki 1. Moyo unadunda. Kuhama siyo dhambi, wakati mwingine ndiyo njia pekee ya kupanda. Ila fanya mambo matatu kwanza.

Piga ile hesabu ya makato, uone laki 1 inabaki shilingi ngapi. Kwa aliyeko kwenye mshahara wa milioni moja na laki mbili au zaidi, mwenye mkopo wa chuo, kwenye laki hiyo inabaki 48,000. Ndiyo, 48,000. Pima kama inatosha kuhama na kuanza upya na mlezi mpya.

Hakikisha ripoti zako zote mpaka siku hiyo zimesainiwa. Mlezi akishajua unaondoka, anaweza kukusaini kwa furaha, au akawa na shughuli nyingi mpaka mwaka kesho.

Ondoka kwa heshima. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28, labda mkataba wako unasema zaidi. Ukiondoka, mwajiri anatakiwa akupe cheti cha utumishi, kidai. Fani hii ni ndogo. Yule uliyemzimia simu leo unaweza kumkuta amekaa katikati kwenye meza ya usaili wako.

KAZI YA NYUMBANI YA WAWILI

Wikiendi hii msiende popote. Kaeni, agizeni chipsi kuku, halafu jibuni maswali haya kwenye karatasi moja:

1. Nani anasimamia kazi zangu, na mara ya mwisho alisaini lini?

2. Mshahara unaofika mkononi ni shilingi ngapi, na posho ikikatika leo tunaishije?

3. Mkataba wangu unaisha lini, na wa kwako je?

4. Usaili wangu wa kitaaluma nautarajia mwaka gani? Je, harusi, mtoto na kiwanja tunaviweka kabla au baada?

5. Mmoja wetu akipangiwa mbali, tutaonana kila baada ya wiki ngapi na nauli inatoka wapi?

Kama swali la kwanza halina jibu, Jumatatu asubuhi kabla ya chai nenda kwa ofisa rasilimali watu wako. Usiende kwa hasira. Mwambie, "Nimemaliza mwaka hapa, naomba nipangiwe mhandisi wa kunilea na nipate mpango wa maandishi." Wengi wetu hatukatai, tunasahau kwa sababu hakuna anayetukumbusha. Akikuzungusha mara ya kwanza, rudi mara ya pili. Akikuzungusha mara ya tatu, anza kuandika barua za maombi taratibu, na mwambie mwenzako ukweli ili mjiandae wote.

Mwezi ujao tutawageukia wahasibu na ule mtihani wao wa kitaaluma unaovunja uchumba wa watu kila mwaka. Mpaka wakati huo, fungeni mikanda ya kofia zenu, na mpendane.